Pesa za misitu zinaishia wapi jameni?

Nikisema tu nafanya kazi ya fedha za tabianchi hapa Nairobi lazima mtu aniulize, hayo mamilioni ya dola ya kulinda misitu mbona hatuyaoni kijijini? Ukweli ni kwamba mengi hata hayakupangiwa kijiji.

Cheki Brazil. Mwaka wa 2008 Norway iliahidi hadi dola bilioni 1 kwa Mfuko wa Amazon, wa kulinda ule msitu mkubwa wa huko, lakini hela zinakaa BNDES, benki ya maendeleo ya serikali, ndio zitoke kwa miradi iliyopitishwa kama kusajili mashamba, kuzima moto, kufuatilia ukataji kwa setilaiti. Kazi za maana hizo, sikatai, kwa sababu usipothibitisha kwamba ukataji umepungua hulipwi, ila anayeishi na huo msitu mlangoni anabaki kusikia kwa redio tu. Halafu siasa ikigeuka, bomba linafungwa: mfuko ulisimama 2019, ukarudi 2023. Indonesia nayo ilivunja mkataba wake wa misitu na Norway 2021 ikisema haijalipwa.

Gabon ndio ilikuwa ya kwanza Afrika kulipwa kwa matokeo, yaani baada ya kuthibitisha msitu umelindwa, dola milioni 17 mwaka huo huo wa 2021. Nchi zetu nyingi bado ziko kwa ile hatua ya "maandalizi", yaani mikakati, washauri, semina za hoteli (na posho, tusijifanye hatuzijui).

Kwetu Kenya kuna njia nyingine, kuuza kredi za kaboni, yaani vyeti vya hewa ya kaboni ambayo msitu umezuia, vinavyonunuliwa na makampuni. Kasigau kule Taita Taveta wameuza tangu 2011. Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 tu za mikoko na wanakijiji wenyewe ndio huamua pesa ziende kwa maji au shule, pesa si nyingi lakini angalau unaona bomba limewekwa wapi.

Sasa sheria ya Kenya ya tabianchi ya 2023 inasema jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato kwa miradi ya kaboni ya ardhi, kama ya misitu. Watu wakapiga makofi. Lakini kanuni za 2024 zinasema hesabu inapigwa baada ya gharama za biashara kutolewa, na gharama ni neno pana sana, kuna wakaguzi, usajili, mishahara, magari, ofisi ya mjini, na anayeziandika ni mwenye mradi mwenyewe. Kwa hivyo wakija kwenye baraza lenu na hiyo 40, waombeni kwanza karatasi ya gharama, na msiweke sahihi siku hiyo hiyo.