Msimamo wa Kisera si Sera, wala si Lalamiko

Kwa mara ya tatu mwaka huu nimeketi katika mkutano hapa Tabora nikasikia kikundi cha wananchi kikitambulisha karatasi yake kwa maneno "sera yetu ya usafi wa mji". Mara mbili za kwanza nilinyamaza, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa nzuri na sikutaka kuivuruga kwa jambo la neno moja. Mara hii ya tatu mzee aliyekuwa mbele yangu alimgeukia mwenzake akauliza, "Kwani hawa vijana nao wamekuwa serikali?" Hakuna aliyemjibu, na mkutano ukaendelea na ajenda nyingine, lakini mimi niliondoka na swali lake, kwa sababu mzee yule alikuwa amelisikia neno sawasawa kuliko walioliandika.

Msimamo wa kisera ni kauli ambayo kikundi kimekubaliana baada ya kulichunguza jambo, inayosema ni hatua gani mamlaka yenye dhamana ichukue, na kwa sababu gani. Sera ni mwelekeo ambao mamlaka yenyewe imeupitisha na ambao itaulizwa iwapo haikuutekeleza. Maana zenyewe hazina ugumu zaidi ya hapo. Ugumu uko katika historia ya maneno haya, ambayo inaeleza kwa nini tunayachanganya hata pale tunapojua tofauti yake.

Tuanze na neno siasa, maana ndiko mkanganyiko ulikoanzia. Limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kazi ya kutunza na kuongoza. Ukoo huohuo umetupa neno saisi, yaani mtunza farasi. Katika Kiswahili cha zamani siasa ilikuwa pia upole na uangalifu, na wapo wazee ambao hadi leo humwambia mtu "mwendee kwa siasa", wakiwa na maana kwamba asiende kwa pupa wala kwa ukali. Kisha neno likapanda ngazi likawa la uongozi wa nchi, na hapo likabeba mambo mawili kwa pamoja: ushindani wa kutafuta madaraka, na mpango wa namna ya kuyatumia madaraka hayo. Tamko la mwaka 1967 lilipochapishwa liliitwa "Azimio la Arusha na Siasa ya TANU juu ya Ujamaa na Kujitegemea", na mwaka 1972 huko Iringa chama hicho kikatoa mwongozo wake wa kilimo uliojulikana kama "Siasa ni Kilimo". Leo mwandishi yeyote mahali hapo angeweka sera. Tunasema Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002, wala hakuna anayeiita siasa ya maji, kwa kuwa neno sera limeichukua ile maana ya mpango na kuiachia siasa ile maana ya ushindani.

Mgawanyo huo ulitusaidia sana, lakini masikio hayakuhama haraka kama kalamu. Mtu aliyekua akisikia neno siasa likitumika kwa mambo yote mawili, akisikia "kisera" huelewa "kisiasa", na akisikia "kisiasa" huelewa "kichama". Ndiyo maana kikundi cha kina mama wanaotaka soko lao lizolewe taka huweza kuulizwa wako upande gani. Sidhani kwamba anayeuliza ana nia mbaya. Neno limemfikia likiwa bado na mzigo wake wa zamani.

Sasa msimamo. Hili ni letu kabisa, na kwangu ndilo lenye utamu zaidi. Shina lake ni lile la kusimika, likiongezewa kiambishi -am- ambacho huonyesha kitu kilivyotulia katika mkao fulani: simama, inama, kwama, tuama, gandama. Maji yakituama yametulia mahali. Mtu akiwa na msimamo ametulia mahali, anaonekana, na unaweza kumzunguka ukamtazama kila upande. Wengi hulichukua neno hili kama jina la heshima la ukaidi, wakasema "fulani ana msimamo" kwa maana kwamba haambiliki. Lakini kila Jumatatu watu haohao hutafuta msimamo wa ligi, nao wanajua vizuri kwamba utabadilika wiki ijayo mechi zikichezwa. Msimamo ni mahali uliposimama sasa kwa mujibu wa yale unayoyajua sasa. Kikundi kikipata taarifa mpya kuhusu gharama za kuzoa taka kikaubadili msimamo wake, hakijayumba.

Katika shina hilohilo kuna jambo ambalo ningependa kila katibu wa kikundi alitafakari kabla ya kuandika kichwa cha karatasi yake. Kusimama kumezaa msimamo, na kusimamia kumezaa usimamizi. Mwenye msimamo amesimama yeye mwenyewe. Msimamizi amesimama juu ya kazi, ana watumishi, ana fedha, ana sheria ndogo na ana muhuri. Wananchi wana msimamo, halmashauri ina usimamizi, na sera huenda na usimamizi. Kikundi kinachoiita karatasi yake sera kinajivika usimamizi ambao hakina, na wakati huohuo, bila kukusudia, kinampunguzia mzigo yule aliye nao. Swali la "sera ya usafi imefikia wapi?" lingepaswa kuelekezwa kwenye ofisi, sasa linarudi kwa katibu wa kikundi, ambaye hana hata toroli moja.

Mji wetu wenyewe unatoa mfano ulio wazi. Mwezi Januari mwaka 1958 TANU ilifanya hapa Tabora mkutano wa kuamua kama ishiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Kura tatu ilikuwa sera, na mwenye sera alikuwa serikali ya kikoloni. Kilichojadiliwa Tabora, kwa mabishano makali hadi Mwalimu Nyerere alipowashawishi wajumbe wakubali kushiriki, kilikuwa msimamo juu ya sera hiyo. Baadhi hawakuridhika, na Zuberi Mtemvu alitoka akaanzisha chama chake. TANU haikuwa na serikali siku ile, wala haikuhitaji kujifanya inayo ili uamuzi wake uwe na uzito.

Kuhusu lalamiko nitasema machache. "Taka zimejaa nyuma ya soko" ni lalamiko, tena la haki, na mtendaji wa kata anapaswa kulipokea. Huwa msimamo linapotaja mwenye dhamana na hatua ya kuchukuliwa: kwamba halmashauri ya manispaa ibandike ratiba ya kuzoa taka katika kila ofisi ya mtaa, na kwamba mapato ya ada ya taka na matumizi yake yasomwe katika mkutano wa mtaa. Kutaja mwenye dhamana kunahitaji kazi kidogo, na hapa ndipo karatasi nyingi nilizozisoma zinapokosea, kwa kumwekea mkurugenzi wa manispaa kila kitu mezani. Maji ya bomba hapa mjini yako chini ya mamlaka ya maji, TUWASA, inayosimamiwa na Wizara ya Maji. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na barabara kuu ziko chini ya TANROADS. Masoko, taka na sheria ndogo ndiyo ya halmashauri, na huamuliwa na madiwani katika baraza lao. Msimamo kuhusu mabomba ukipelekwa kwa meya utapokelewa kwa adabu na kuwekwa kabatini. Vilevile mwaka wa fedha huanza Julai 1 na bajeti hupangwa miezi mingi kabla, hivyo karatasi inayofika mwezi Juni imefika baada ya chakula kupakuliwa.

Kwa wanaohofia kwamba kuwa na msimamo ni kuingia katika mambo ya vyama, Katiba yetu, ibara ya 21(2), inampa kila raia haki na uhuru wa kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Haisemi kwamba apitie chama. Huko Marekani kuna jumuiya ya League of Women Voters, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1920, ambayo haiungi mkono wala haipingi mgombea au chama chochote, na bado ina misimamo mingi juu ya uendeshaji wa miji. Utaratibu wake ndio uliofanya niitaje hapa: matawi hulisoma suala kwanza, wanachama hulijadili hadi wafikie makubaliano, na baada ya hapo ndipo husemwa kwamba jumuiya ina msimamo. Kauli ya mwenyekiti aliyoitoa mbele ya maikrofoni kabla wenzake hawajakaa ni maoni yake binafsi, na ni heshima kwa wanachama kuiita hivyo.

Wiki iliyopita nilimtembelea katibu wa kile kikundi. Nilimwendea kwa siasa, kwa maana ile ya wazee. Nilimwambia kwamba karatasi yao ni nzuri kuliko nyingi nilizoziona, na kwamba nina ombi la mstari mmoja tu. Kichwa kilisomeka "Sera ya Usafi wa Mji". Nimempendekezea kisomeke "Msimamo wa kikundi chetu kuhusu usafi wa mji, kwa Baraza la Madiwani", na tarehe ya kikao kilichoupitisha iwekwe chini yake. Aliniuliza kama neno "kisera" liwemo. Nilimjibu kwamba si lazima. Likiwemo ni sahihi, na likiachwa, mzee yule wa mkutanoni ataelewa upesi zaidi.