Muvi imekuwa kama tamthilia: TV yako haijaharibika

Juzi mzee jirani yangu hapa Kirumba, Mwanza, alimtuma mjukuu wake aniite. "Babu anasema uje, TV mpya ina tatizo." Nikabeba begi la vifaa. Nikakuta flati ya inchi 55, nailoni bado haijabanduliwa pembeni. Nikatoa shikamoo, akaitikia haraka, halafu akanyoosha rimoti kwenye kioo.

"Fundi, hii muvi ya vita nimeiangalia miaka yote kwenye TV ya chogo. Leo naona kama wameigizia nyuma ya nyumba."

Mkewe akadakia kutoka jikoni: "Imekuwa kama tamthilia zangu za jioni!"

Sikufungua hata skrubu. Kazi yangu ni kuhariri video, harusi na matangazo zaidi, na usiku huwa nachora katuni kwenye tableti. Neno la mama lilitosha kunionyesha ugonjwa.

Muvi hupigwa kwa fremu, yaani picha tuli moja moja, 24 kwa sekunde. Enzi za filamu bubu kamera zilizungushwa kwa mkono, kila mpiga picha na kasi yake. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, kasi ikabidi iwe moja, maana sauti ikienda mbio au ikisuasua sikio linagundua papo hapo. Ikachaguliwa 24: inatosha kubeba sauti vizuri na haili mkanda mwingi. Ni hesabu ya fedha tu, lakini macho ya dunia nzima yakaizoea. Tamthilia za studio, taarifa ya habari na mpira vilikuja na kamera za video, zilizotoa hatua 50 za mwendo kwa sekunde kwenye nchi kama yetu, na 60 kule Marekani. Mwendo wake ni laini, mkavu, kama umesimama hapo hapo studio. Kwa hiyo mama, ambaye hajawahi kusikia neno fremu, anatofautisha 24 na 50 kwa kuchungulia tu kutoka jikoni.

Sasa flati inaingiaje hapo? TV ya chogo ilimulika picha kisha ikazima, mara nyingi kwa sekunde. Flati inaishikilia picha hadi inayofuata ije. Jicho linapofuata kitu kinachokimbia, picha iliyoshikiliwa inaonekana kama imepakwa ukungu. Watengenezaji wakatafuta dawa: TV inachukua fremu mbili, inakisia kilichotokea katikati, inachora fremu yake na kuipachika. Mimi naziita fremu hewa, kama wafanyakazi hewa. Hakuna kamera iliyozipiga, ila zimo kwenye orodha. Muvi ya 24 inatoka ikiwa na 60 au hata 120, na mwendo wake ni ule ule wa tamthilia.

Kwenye LG utaikuta kwa jina la TruMotion, Sony wanaiita Motionflow, na kwenye Samsung ni Auto Motion Plus au, kwenye mpya, Picture Clarity. Karibu zote hutoka kiwandani zikiwa zimewashwa. Mwaka 2018 Tom Cruise alitoa video akiwa na mwongozaji Christopher McQuarrie kuwaomba watu waizime nyumbani. Nilipomwambia mzee kwamba yeye na Tom Cruise wana lalamiko moja, alifurahi kuliko nilivyotarajia.

Mimi nina kisa changu na kitu hiki. Nilichora katuni fupi ya mtumbwi wa dagaa usiku wa giza, taa zikiwaka juu ya maji. Wachoraji wengi hatuchori michoro 24 kwa sekunde. Tunachora 12, kila mmoja unakaa fremu mbili, na ule mkatiko mdogo ndio unaoupa mchoro uhai. Kwenye muvi ya katuni Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018 waliutumia kwa makusudi: shujaa wake Miles anapojifunza, mwendo wake umekatika kuliko wa wenzake. Basi nikaonyesha kazi yangu kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, kwenye flati kubwa ya ukutani. Mng'ao wa taa majini hauna ndugu kwenye fremu inayofuata, lakini TV ikamlazimishia ndugu. Ziwa likawa uji. Kasia likayeyuka mkononi mwa mvuvi. Mtu mmoja akanipongeza kwa "efekti ya ndoto". Nikashukuru, nifanye nini?

Kwa gemu hasara ni nyingine. Ili ikisie fremu ya katikati, TV lazima iisubiri ile inayofuata kwanza, kwa hiyo unabonyeza padi na mchezaji wako anapiga shuti akiwa ameshanyang'anywa mpira. Ukienda banda la PlayStation ukasikia "hii padi mbovu!", kagua kwanza kama TV imewekwa kwenye hali ya gemu.

Mpira wa kweli, mimi naiacha kidogo. Mpira unapokatisha uwanja, ukungu ukipungua ni nafuu, na hakuna hadithi ya kuharibu.

Nikaizima kwa mzee. Akaangalia dakika tano kimya, kisha kamera ilipogeuka taratibu kufuata mlima akashtuka: "Mbona inarukaruka?" Hapo nikamweleza kwamba 24 haiingii sawasawa kwenye kioo cha 60, hivyo fremu moja inaonyeshwa mara tatu, inayofuata mara mbili, na jicho linahisi kigugumizi hicho. Akauliza lipi bora. Nikamwambia kigugumizi. Akafikiri, akakubali, ila mpira usiguswe.

Mjukuu ndiye amepewa kazi ya kukariri vitufe na kiwango cha fremu hewa: Yanga na Simba, tatu; muvi, sifuri; tamthilia za bibi, aulizwe mwenyewe.