Bustani ya mawaridi maana yake nini hasa?

Bibi yangu alikuwa na rozari ya mbao, chembe zake zimelainika kwa kushikwa, kila Oktoba jioni tunakaa mkekani anasalisha, na miaka yote ile sikujua kwamba jina la kile alichoshika mkononi ni bustani ya mawaridi. Ndio hivyo, rozari limetoka kwenye Kilatini rosarium, mahali palipopandwa mawaridi, na Wakristo wa Ulaya enzi za kati kila sala waliyomwombea Mama Maria waliihesabu kama waridi moja, kwa hiyo ukimaliza makumi matano umeshamsukia taji la maua 50. Nilipojua hili nilimkumbuka sana bibi.

Sasa kwa watu wa bustani maana ni nyepesi, ni sehemu uliyoitenga kwa ajili ya mawaridi, na zamani mara nyingi ilizungushiwa ukuta au wigo. Hapa Kiswahili chetu kitamu sana manake ua ni lile la kunusa na ua ni huo wigo wenyewe, bustani ya mawaridi ni ua ndani ya ua. Hata mchoraji Martin Schongauer mwaka 1473 alipomchora Maria na Mtoto alimkalisha mbele ya wigo uliotambaliwa na mawaridi. Yale ya Naivasha ya kupakia kwenye ndege kwenda Ulaya sisi tunayaita mashamba ya maua, hakuna anayesema bustani, sababu bustani ni pa kukaa.

Na ukiwa nayo kazi ipo. Maji mwagia chini kwenye shina asubuhi, sio kwenye majani, yakilala na unyevu yanashika madoa meusi halafu yanapukutika. Ukipogolea kata juu kidogo ya jicho linalotazama nje, tawi jipya litaelekea nje na katikati ya mti patapita hewa.

Waingereza na Wamarekani wana msemo, sikukuahidi bustani ya mawaridi, yaani sikukwambia mambo yatakuwa raha tupu. Sisi tungesema maisha sio lelemama. Mimi msemo wao naona umeisahau miba, nani alishawahi kupogoa mawaridi mikono ikabaki salama?

Kwenye fasihi mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Uajemi. Gul ni ua, hasa waridi, Gulistan ni mahali pa mawaridi, na mwaka 1258 mshairi Saadi wa Shiraz alikiita kitabu chake jina hilohilo, hadithi na mashairi ya hekima katika milango minane, yaani sura. Anaeleza mwenyewe mwanzoni, alilala na rafiki yake kwenye bustani, asubuhi wakati wa kuondoka akamwona rafiki amejaza maua kwenye nguo ayapeleke mjini. Saadi akamwambia hayo hayakai, siku tano sita yamekwisha, mimi naweza kuandika bustani ambayo upepo wa kipupwe hauwezi kuzipukutisha kurasa zake. Rafiki kusikia tu hivyo akayamwaga maua yote chini, akamshika pindo la joho, timiza ahadi.