Autifilda sio "mchezaji wa nje" jamani

Nimevumilia sana hili. Tangu Januari 2025 Ichiro Suzuki alipopata kura 393 kati ya 394 za kuingia ukumbi wa heshima wa besiboli kule Cooperstown, Marekani, kila nikikutana na habari yake kwa Kiswahili naona "Ichiro, mchezaji wa nje wa zamani wa Seattle Mariners", na najua kabisa hapo mtu ameweka neno la Kiingereza "outfielder" kwenye simu ikamtafsiria akakopi. Sawa, tunasamehe. Juzi sasa kuna jamaa kwenye grupu akamjibu mwenzie kwa kujiamini kabisa, "ndio alikuwa wa nje, si Mjapani yule?" Nikaona basi, ngoja niandike.

Maana yenyewe fupi. Autifilda ni mchezaji anayelinda lile eneo kubwa la majani nyuma ya besi (vile vituo vinne ambavyo mkimbiaji huvipitia ili apate pointi), wakati timu pinzani inapiga. Wako watatu, wa kushoto, wa kati na wa kulia, na kushoto kulia inahesabiwa kwa macho ya anayepiga, sio ya wanaolinda. Kazi yao ni kudaka mipira iliyopigwa mbali kabla haijagusa chini, ikigusa wanaiokota na kuirudisha haraka kabla wakimbiaji hawajazikusanya besi. Zamu ya timu yake kupiga ikifika anakuwa mpigaji kama wenzake. Ndo hivyo, maana imeisha.

Kinachoniudhi ni hiyo "nje". Kwetu ukisema mchezaji wa nje, mtu wa Simba na mtu wa Yanga, ambao hawakubaliani kitu kingine chochote, watakuelewa sawa sawa: ni yule aliyesajiliwa kutoka nchi nyingine. Hilo neno lina mwenyewe tayari, halina nafasi.

Halafu kuna wanaotetea kwamba "aut" si ni nje, kwa hiyo tafsiri iko sahihi. Nje ya nini sasa? Autifilda yuko ndani ya uwanja, ndani ya mistari, na mpira ukiangukia nje ya ile mistari unaitwa fauli na mpigaji hapati hata besi moja. Hilo neno asili yake wala sio michezo, ni kilimo, hasa kule Uskoti zamani. Shamba la karibu na nyumba lililimwa kila mwaka na kutiwa samadi, hilo la ndani, na la mbali kidogo lililimwa kwa zamu au wakaachiwa mifugo, hilo ndo la nje. Wachagga wataelewa hii haraka kuliko mtu yeyote, kuna kihamba hapo nyumbani na kuna shamba la kule chini tambarare, na la kule chini bado ni lako vile vile, jirani akilivamia mtafikishana mahali. Kwa hiyo "nje" ya autifilda ni ya umbali, mbali na pale mpigaji aliposimama, haihusiani kabisa na kutoka wala na ugeni.

Na Wajapani wenyewe waliomzaa huyu mtu wanamwita gaiyashu. Gai ni nje, ya ni uwanja (ndo hiyo hiyo iliyoko kwenye yakyu, jina la besiboli alilolibuni Chuman Kanae mwaka 1894), na shu ni mkono. Mkono wa uwanja wa nje, napenda sana hiyo, kwa sababu autifilda asiye na mkono hana kazi. Sasa cheki, hiyo gai ndo ile ile iliyoko kwenye gaijin, yani mgeni, mtu wa nchi nyingine. Wao wana mzizi mmoja kwenye maneno yote mawili na hawachanganyi, sisi tumebeba tafsiri ya simu tukachanganya.

Ukitaka kuhakikisha kwamba ni vitu viwili, pita na maisha yake ya mpira yenyewe, misimu 28 jumla. Kuanzia 1992 mpaka 2000 yuko Orix BlueWave ya Kobe, Mjapani anacheza Japani, 1994 peke yake alipiga hiti 210 (mpigo unaomfikisha mpigaji kwenye besi salama) kwenye mechi 130. Autifilda kamili, ugeni hata chembe hakuna. 2001 anatua Seattle ana miaka 27, hapo ndo anakuwa vyote viwili kwa mpigo, na msimu huo huo akabeba tuzo ya mchezaji mpya bora na ya mchezaji bora wa ligi yake kwa pamoja. Aprili 11 mwaka huo wako Oakland, yeye analinda kulia, Terrence Long, mkimbiaji wa Oakland, yuko besi ya kwanza, mpira unapigwa upande wa Ichiro na Long anaamua kuunganisha mpaka ya tatu, kitu ambacho wakimbiaji wengi hufanya maana kutoka kulia mpaka besi ya tatu ni mbali mno. Ichiro akaurusha ule mpira ukaenda umenyooka kama kamba mpaka kwenye glovu ya mlinzi wa besi ya tatu, Long akaguswa nao akatolewa. Watu wanataja hiti zake, hiti 262 za mwaka 2004 zilizovunja rekodi ya George Sisler ya 257 iliyokaa tangu 1920, lakini hiyo ni kazi ya mpigaji. Uautifilda wake ni ule mkono, na glovu za dhahabu (tuzo ya walinzi bora) kumi mfululizo, 2001 mpaka 2010.

2012 akahamia Yankees, 2015 Miami, na huko siku ya mwisho ya msimu, Oktoba 4, wakampa mpira arushe yeye kama pitcha, yule anayemrushia mpigaji mpira, ingizo moja tu (mechi ina maingizo tisa), mtu anakaribia miaka 42. Siku hiyo pale katikati alikuwa mchezaji wa nje ambaye sio autifilda.

Halafu Machi 21, 2019, Tokyo Dome. Ana miaka 45, jezi ya Seattle tena, anaingia kulia kwake ingizo la nane, halafu kocha anamtoa aagwe na uwanja mzima. Kwenye ratiba Seattle ndo walikuwa timu ngeni, kwa hiyo jamaa kaagwa nyumbani kwao akiwa upande wa wageni (hii mimi huwa inanichekesha kila nikiikumbuka), lakini nafasi aliyosimama ni ile ile aliyoanza nayo Seattle.

Bado kuna Waingereza na soka lao, ambao neno hilo hilo wanaliita wachezaji wote kumi wasio golikipa. Hao nimewaacha, kila mtu ana vita vyake.

Kwa hiyo kaka wa kwenye grupu, kwamba ni Mjapani uko sahihi, na Marekani alikuwa mchezaji wa nje kweli. Ila lile neno kwenye habari lilikuwa linataja nafasi yake uwanjani. Tuseme tu autifilda wa kulia.