Kwa nini samaki aking'ate kipande cha plastiki leo, na kesho akipuuze?

Chukua kipande cha plastiki laini, urefu wake kama sentimita 13, mbele kimechongoka, nyuma kina mkia mdogo usiotikisika wenyewe. Kitumbukize kwenye beseni la maji. Kitazama polepole kimelala, kama kijiti kilicholowa, basi. Hakiogelei, hakilii, hakizunguki. Ukimwonyesha mvuvi wa mshipi wa Pwani aliyezoea kutia ngisi kwenye ndoana, atakuuliza kama unamtania.

Lakini huko Marekani kipande hicho kimewatoa jasho besi wengi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati Herb Reed wa jimbo la Connecticut alipotengeneza chambo alichokiita Slug-Go. Minyoo ya plastiki ilikuwapo zamani. Nick Creme wa Akron, Ohio, alianza kuitengeneza mwaka 1949. Tofauti ni kwamba mnyoo huburuzwa chini, ilhali hiki cha Reed hushtuliwa karibu na uso wa maji ili kiige samaki mdogo aliyejeruhiwa. Na besi ninayemtaja hapa si besi ya spika. Ni samaki wa maji yasiyo na chumvi wa Amerika Kaskazini, Micropterus salmoides, mwenye mdomo mpana kiasi kwamba taya la juu linapita nyuma ya jicho.

Sasa je, wajua kinachokifanya chambo hicho kionekane hai ni mshipi uliolegea?

Wengi hudhani kazi ni kuvuta. Ukivuta mfululizo mshipi ukiwa umekaza, pua ya chambo inaelekea kwako na mwili unafuata nyuma, umenyooka kama penseli. Hakuna samaki mgonjwa anayeogelea hivyo. Mtaalamu hufanya kinyume. Anainamisha ncha ya fimbo kuelekea majini, anaipiga chini mara moja, pa!, halafu papo hapo anairudisha mbele ili mshipi ulegee. Ule mshtuko umekipa chambo mwendo, na kwa kuwa hakuna tena kinachoshikilia pua, mwili unateleza ubavu kwa kasi uliyobaki nayo. Hauna ulimi wa plastiki puani wa kuuongoza kama vyambo vigumu, kwa hiyo unakwenda unakotaka: mara kulia nusu mita, mara kushoto, mara unapinduka na kuonyesha tumbo jeupe. Pigo la pili huikuta pua imeangalia upande mwingine, likaigeuza tena. Ni chenga. Beki hajui mpira unatokea mguu gani.

Halafu kinasimama. Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Chuma cha ndoana kinauvuta mwili chini taratibu, plastiki inatetemeka kidogo, kama samaki aliyeishiwa nguvu. Besi si mkimbiaji wa masafa. Ni mviziaji wa kwenye kivuli cha magugu, na hesabu yake ni ya bahili: nikitoka hapa, nitalipwa? Chenga zinamvuta aangalie. Kusimama kunamwambia mlo umechoka kukimbia.

Anapokuja, mara nyingi haumi kwa meno. Anafungua mdomo ghafla, sakafu ya kinywa inashuka, maji yanaingia kwa nguvu na chambo kinaingia nayo, kisha maji yanatokea kwenye matamvua. Yote hayo ni chini ya kupepesa jicho. Hapa mshipi uliolegea unafanya kazi yake ya pili: ungekuwa umekaza, chambo kingezuiwa na kubaki nje ya midomo. Wewe uliye juu huhisi mvuto wowote. Unachoona ni mshipi uliokuwa umelala juu ya maji ukianza kutembea pembeni, bila upepo. Kunja ule mlegeo haraka kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ndipo uinue fimbo kwa nguvu. Wageni hukosea kwa kuivuta palepale wanapoona maji yanaruka, wakakitoa chambo mdomoni mwa samaki ambaye bado hajakifunga.

Kuhusu ndoana, kuna ujanja unaopendeza. Shingo yake imepindwa, na ncha inapenyezwa mgongoni mwa plastiki ikafichwa chini ya ngozi nyembamba. Ndiyo maana chambo hiki kinapita katikati ya magugu bila kukwama, mahali ambapo chambo chenye ndoana tatu za wazi kingerudi kimebeba shamba zima. Lakini ngozi ile ikiwa nene au ndoana ikiwa ndogo, plastiki hujikunja ikawa donge na kuifunika ncha, na samaki anakitema. Na baada ya besi wawili watatu, pua inachanika. Viwanda vingi huchanganya chumvi kwenye plastiki ili iwe nzito zaidi, na wavuvi husema samaki hukitema chambo chenye chumvi kwa kuchelewa. Chumvi hiyohiyo huifanya ichanike upesi.

Ukishaelewa hayo, siku za kushindwa zinajieleza. Chambo hiki kinawinda kwa jicho. Hakina njuga ndani, hakitikisi maji sana, kwa hiyo mstari wa ubavuni ambao samaki hutumia kuhisi mitikisiko hauna mengi ya kusikia. Kwenye maji maangavu, besi anaweza kukiona kutoka mbali akaja. Kwenye maji ya tope ungeweza kukipitisha mita moja mbele yake asijue. Hapo afadhali chambo chenye bati linalozunguka, linalopiga maji kama ngoma. Wengine hukimbilia kubadili rangi, na kwa kiasi wana hoja: watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwafunza besi kuchagua rangi na wakakuta nyekundu na kijani wanazitambua vizuri, lakini nyeusi na buluu iliyokoza huwachanganya, na njano ya kung'aa wanaichanganya na nyeupe. Kwa hiyo yule anayehangaika dukani kati ya buluu na nyeusi anajihangaisha mwenyewe. Kwenye tope, hata hivyo, rangi haiokoi kitu.

Baridi nayo ni adui. Damu ya samaki hufuata joto la maji. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, besi hupunguza mwendo, huteremka kwenye kina, na mlo unaopiga chenga humgharimu nguvu kuliko utakavyomlipa. Msimu huo wavuvi hutumia vyambo vigumu vinavyoweza kuning'inia majini bila kupanda wala kuzama, wakaviacha vimesimama hata sekunde kumi. Chambo laini hakiwezi kungoja hivyo, kinaendelea kushuka. Maji yakipanda kuelekea nyuzi 15 na zaidi, majira ya kuchipua, besi husogea kwenye maji ya kina kifupi kutaga, na hapo ndipo chambo hiki hung'ara. Hata dume anayelinda kiota, ambaye huenda hana njaa, atakishambulia kwa sababu kimesogea karibu na mayai. Kama uvuvi wa namna hiyo ni wa haki, wavuvi wenyewe wamegawanyika, nami niko upande wa kumwacha baba wa watu alinde watoto wake.

Kina na upepo vinakwenda pamoja. Chambo kisicho na chubwi, yaani kizito cha kukizamisha, hufanya kazi vizuri kwenye mita mbili za juu. Samaki wakiwa mita saba chini, utangoja kizame mpaka usinzie, na ukikifunga chubwi, zile chenga zinakufa: kichwa kinatangulia chini kama jiwe. Upepo ukivuma, unaubeba mshipi uliolegea na kuupinda kama upinde, ukipiga fimbo pigo linaishia kwenye upinde wala halifiki kwenye chambo. Tena kuna siku samaki anakula kitu kingine kabisa. Besi wakiwa wanafukuza makundi ya vidagaa juu ya maji, kipande hiki ni mlo halali. Wakiwa wanaokota kamba, wale ndugu wa uduvi, chini kwenye mawe, kipande kinachoruka juu ya vichwa vyao ni hadithi ya nyumba ya jirani.

Habari hizi zina mlango wa kuingilia kwetu. Besi huyuhuyu aliletwa kutoka Marekani hadi Ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920, ili watu wapate samaki wa kuvua kwa fimbo. Joto pale si tatizo. Maji hayafikii baridi ya kumlaza besi. Tatizo ni mambo mengine mawili. Mwaka 1970 ziwani waliingizwa kamba wekundu ambao asili yao ni Louisiana, na besi akawapenda: mlo wa chini, wenye magamba, usiofanana kabisa na kipande chetu. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaonekana kapi, Cyprinus carpio, samaki anayefukua matope kwa mdomo akitafuta chakula. Kapi akazidi kwenye nyavu, na kufukua kwake, pamoja na udongo unaoletwa na mito, kumelitia ziwa wingu. Ukizingatia yote tuliyosema, chambo cha jicho kimepewa kazi ngumu pale.

Anayetaka kukijaribu atafute ukingo wa mafunjo ambako maji yametulia yakawa angavu kidogo, atupe sambamba na mashina badala ya kutupa katikati ya ziwa, na aende alfajiri, kwa sababu mchana upepo wa Naivasha huamka na ule mlegeo wa mshipi hautakuwa wako tena. Na kabla ya kutupa, asimame kidogo ayatazame yale mafunjo vizuri. Viboko nao wanapenda maji yaliyotulia.