Ukitaka kuona meno ya samaki, pasua koo

Watu wakisikia natafiti meno ya samaki swali ni lile lile, kwani ukiacha papa, samaki gani ana meno? Sato mwenyewe si kama kibogoyo tu? Mi huwa nawajibu mdomoni hamjaangalia kitu, pasueni koo.

Pale Feri, soko la samaki la Dar, kuna mama ananiwekea vichwa, ashazoea kwamba dokta hana habari na minofu. Chukua kichwa cha pono, kata nyuma ya matamvua, unakutana na taya ya pili kabisa, mifupa ya juu na chini imejaa meno na inasagana kama kinu na mchi. Lile domo gumu la mbele kazi yake kukwangua matumbawe tu, kusaga kunafanyika huko nyuma, na kinachotoka mwisho wa safari ni mchanga, yaani ule mchanga mweupe wa fukwe zenye matumbawe mnaopigia picha, sehemu yake imepita tumboni mwa pono, samahani lakini ndo ukweli. Samaki mkunga kazidi, taya yake ya kooni inachomoka mbele, inadaka windo na kulivuta ndani. Watafiti Rita Mehta na Peter Wainwright ndo waliolionyesha hilo mwaka 2007.

Sasa kwa sisi tunaopenda visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika kwenye miamba, jino ni mali. Papa mifupa yake ni gegedu, inaoza fasta, ila meno yanabaki, na anabadilisha maisha yake yote kwa hiyo papa mmoja anaacha maelfu. Mwaka 1666 walivua papa mkubwa karibu na Livorno kule Italia, kichwa kikapelekwa kwa mtaalamu wa anatomia Nicolaus Steno, akapasua akaona kumbe yale mawe ya pembetatu watu waliyokuwa wanayavaa kama kinga ya sumu ni meno ya papa! Hata megalodoni, lile papa kubwa la kale lililotoweka, anayetamba mitandaoni tunamjua kwa meno na pingili chache za uti wa mgongo, ndo maana kila baada ya muda watu wanagombana alikuwa na urefu gani.

Na hapa kwetu visukuku vya samaki tunavyo. Tendaguru kule Lindi kila mtu anaongelea madinosaria tu, ila humo humo yametoka na meno ya papa. Halafu kuna Mahenge, ile ya Singida, palikuwa na ziwa la kreta miaka kama milioni 46 iliyopita na ndani yake wakapatikana Mahengechromis, ndugu wa zamani wa sato na furu.

Ishu yangu inaanzia kwa hao furu. Ziwa Victoria kuna mmoja anaitwa Astatoreochromis alluaudi, kooni ana magego ya kupasulia konokono. Mtafiti wa samaki Greenwood mwaka 1965 akaonyesha kwamba samaki huyo huyo akikua kwa chakula laini taya ya kooni inakuwa nyembamba na meno membamba. Spishi ile ile! Sasa wafukie wote wawili kwenye tope, subiri miaka milioni kadhaa, aje mtu na nyundo yake, atatangaza spishi mbili na sherehe juu.

Karel Liem naye mwaka 1980 akaleta mkanganyiko mwingine, samaki mwenye meno maalumu ya chakula fulani akikuta kingine rahisi kipo anakula hicho bila wasiwasi. Kiukweli ni akili tu, nani avunje konokono wakati vibuu vipo. Kwa hiyo jino linakuambia samaki anaweza nini siku mambo yakiwa magumu, halikuambii jana alikula nini, na mimi nikisoma kwamba samaki fulani wa kale "alikula konokono" kwa sababu tu ana magego, huwa nanuna kidogo.

Ninachoamini zaidi ni mikwaruzo. Jino ukiliweka chini ya hadubini kali unaona alama ndogo ndogo zilizoachwa na chakula chenyewe, tunalinganisha na samaki wa leo ambao tumepasua matumbo tukajua wamekula nini. Hata hiyo ina mipaka yake, alama mpya zinafuta za zamani kwa hiyo unasoma milo ya karibuni tu, na kwa papa ndo balaa maana jino lenyewe halikai sana mdomoni, linadondoka na kumbukumbu zake fupi.