Mikono minane juu ya kipande kimoja cha nyama

Mhindu akitajwa, wengi wetu tunamwaza mtu asiyekula nyama. Haiko hivyo. Katika utafiti wa Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, uliochapishwa 2021, Wahindu wa India waliosema hawali nyama walikuwa asilimia 44. Brahmani (mtu wa tabaka la makuhani) wa Bengal anakula samaki, Pandit, yaani Brahmani wa Kashmir, anakula kondoo, na kwenye hekalu la Kamakhya kule Assam mbuzi wanachinjwa hadi leo. Ndiyo maana anayeieleza ahimsa kwa kuanzia na sahani anapotosha. Ahimsa, yaani kutodhuru, ni hesabu: nani ameshiriki katika kudhuru, na kwa nia gani. Kuacha nyama ni jibu mojawapo la hesabu hiyo.

Aliyeipanga vizuri zaidi ni Patanjali, mwanafikra wa kale wa India, katika Yoga Sutra, kitabu cha yoga cha semi fupi ziitwazo sutra. Sutra ya 34 ya sehemu ya 2 inasema dhara ni la namna tatu: ulilotenda mwenyewe, ulilomtendesha mwingine, na uliloridhia. Kila moja laweza kutokana na uchu, hasira au upotofu wa fikra, na laweza kuwa hafifu, la wastani au kali. Tatu mara tatu mara tatu: 27. Ufafanuzi wa kale unaohusishwa na Vyasa unatoa mifano. Uchu ni kuua kwa ajili ya nyama na ngozi. Hasira ni kuua kwa kuwa huyu alinikosea. Upotofu ni kuua ukidhani utapata thawabu. Huo wa tatu una uzito wa pekee, maana unagusa sadaka za damu ambazo Veda zenyewe, maandiko matakatifu ya kale kabisa ya Wahindu, zinaziruhusu.

Chukua mtu anayenunua robo kilo buchani. Kisu hakukishika. Kwa hesabu hii ametendesha, sababu ni uchu, kiwango pengine hafifu. Jirani aliyepita, akakaribishwa, akala na kuusifu mchuzi, ameridhia. Wasomaji wengi hukosea hapa kwa kudhani "hafifu" maana yake umesamehewa. Ni kipimo tu.

Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, sura ya 5, ubeti wa 51, inawataja mmoja mmoja wanaoshiriki katika nyama: anayeruhusu, anayekatakata, anayeua, anayenunua, anayeuza, anayepika, anayeandaa na anayekula. Mikono minane, na wote wanaitwa wauaji. Lakini sura hiyohiyo, ubeti wa 39, inasema wanyama waliumbwa kwa ajili ya sadaka na kuwaua huko si kuua. Ubeti wa 37 unamwambia mwenye hamu kubwa ya nyama ajitengenezee mnyama wa samli au wa unga. Ubeti wa 56 unasema kula nyama si kosa, ila kujizuia kuna matunda makubwa. Anayenukuu mmoja na kuificha mingine anadanganya, na kambi zote mbili, ya wanaotetea nyama na ya wanaoikataa, hufanya hivyo. Mimi naisoma sura hiyo kama mabishano yaliyoandikwa kabla hayajaisha.

Hoja kwamba "hata mboga zina uhai" nayo ni ya kale. Katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India, kwenye kitabu kiitwacho Vana Parva, Brahmani aitwaye Kaushika anatumwa mji wa Mithila akafundishwe dharma, yaani wajibu na mwenendo mwema, na muuza nyama. Anamkuta dukani kwake akiuza nyama ya paa na ya nyati. Mtu huyu hachinji mwenyewe wala hali nyama. Anauza kwa kuwa ndiyo kazi aliyorithi. Anamweleza mgeni wake kwamba plau inaua viumbe wengi ardhini, mbegu za mpunga zina uhai, na kila anayetembea anakanyaga vijidudu. Hakuna asiyedhuru kabisa. Yupo anayejitahidi kupunguza. Ni hoja nzito, na anayeitumia kujipa ruhusa ya kula chochote ameisoma nusu.

Jambo moja linaniuma. Kule India kutokula nyama kumefanywa pia ngazi ya kuwapanga watu. Dalit, yaani mtu wa matabaka yaliyodharauliwa kuliko yote, anayekula nyama ananyimwa nyumba ya kupanga, na watu wameuawa kwa kushukiwa tu kuwa na nyama ya ng'ombe. Sutra ya 31 ya sehemu ileile ya Patanjali inasema kiapo cha kutodhuru hakiwekewi mpaka wa uzawa, mahali, wakati wala mazingira. Ufafanuzi wa Vyasa unamtaja mvuvi anayesema atadhuru samaki peke yao. Anayemhurumia ng'ombe huku akimpiga binadamu amejiwekea mpaka mbaya kuliko wa mvuvi huyo.

Kwa wanaowapikia Wahindu wa asili ya Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, iwe Mombasa au Dar es Salaam: yai linahesabiwa pamoja na nyama, na mafuta yaliyokaanga sambusa za nyama hayafai tena. Wafuasi wa Swaminarayan, dhehebu mojawapo la Kihindu, hawali kitunguu maji wala kitunguu saumu. Ladha hiyo hutafutwa kwa mvuje, utomvu mkavu wenye harufu kali. Kwa kikombe kimoja cha choroko zilizochemshwa zikaiva, pasha vijiko vikubwa viwili vya samli, tia kijiko cha chai cha bizari nyembamba, ikianza kupasuka tia mvuje wa ncha ya kijiko. Hesabu mpaka tano, mimina. Samli ikitoa moshi, mvuje unaungua na kuwa mchungu. Ukiutia kwenye maji matupu, uvundo wake unabaki. Na ikiwa chakula kitatolewa kwanza mbele ya Mungu, usikionje.

Samli hiyo ndiyo shimo kubwa la hesabu yote. Maziwa hayahesabiwi kuwa nyama, lakini ng'ombe hatoi maziwa asipozaa, karibu nusu ya ndama ni madume, na plau siku hizi inavutwa na trekta. Dume anapelekwa wapi? Kwa kipimo cha sutra ya 34, mnywaji ametendesha. Gandhi aliliona hilo. Mwaka 1912, akiwa Afrika Kusini, aliapa kuacha maziwa, na mateso wanayopata ng'ombe na nyati wa kukamuliwa yalikuwa sababu mojawapo. Mwanzoni mwa 1919, akiwa hoi kitandani, mkewe Kasturba alimkumbusha kwamba maziwa ya mbuzi hayakuwamo katika kiapo. Akayanywa. Baadaye aliandika kwamba alishika maneno ya kiapo na kuivunja roho yake.